Kurekodi wimbo wa kwanza wa Injili Mwanza ukiwa na mfuko mdogo

Waimbaji wengi wa Injili wa Kanda ya Ziwa hutokea kwaya, na kwaya ni shule nzuri: Kwaya ya Vijana ya AIC Makongoro ilivuma mbali ikitokea hapa hapa Mwanza. Kitu ambacho kwaya haifundishi ni kumiliki wimbo. Mtu anauza dagaa Mwaloni mchana, anaimba mkesha usiku, wimbo wake unapigwa hadi kwenye daladala za Igoma na Buhongwa, na kodi ya chumba bado inamtoa jasho kwa sababu wimbo umesajiliwa kwa jina la mwingine. Kwa hiyo hapa tunazungumzia karatasi za umiliki pamoja na kazi ya studio.

Fedha kwanza

Ukiweka shilingi 2,000 kila siku ya kazi, siku 26 kwa mwezi, miezi minne inakupa 208,000. Iweke kwenye mchezo au kikoba chenye watu unaowaamini, isikae chini ya godoro. Ukienda studio, usiulize "wimbo ni bei gani?" Uliza bei ya kila kazi peke yake: kutengeneza biti (muziki wa wimbo), kurekodi sauti, kuchanganya sauti, na umaliziaji (mastering). Bei ya jumla ndiyo inayoleta ugomvi, maana umaliziaji hugeuka deni jipya siku unayokuja kuchukua kazi yako. Lipa nusu mwanzoni na nusu ukishakabidhiwa mafaili. Rekodi wimbo mmoja. Albamu ya nyimbo nane zilizorekodiwa kwa haraka huwachosha wasikilizaji kabla hawajakujua.

Mazoezi kabla ya studio

Saa za studio ni ghali, kwa hiyo maliza kazi nyumbani. Rekodi wimbo kwa simu bila ala, uusikilize siku inayofuata. Kiitikio kifike kabla ya dakika ya kwanza kuisha. Pakua programu ya metronomu, inayogonga mapigo ya mwendo, uandike mwendo wa wimbo: nyimbo za kuabudu hukaa vizuri kwenye mapigo 60 hadi 75 kwa dakika, za kusifu 110 hadi 130. Kama wimbo una mahadhi ya Kisukuma, mpeleke mpiga ngoma wa bugobogobo mbele ya prodyuza, au walau rekodi yake ya simu. Prodyuza asiyeyajua mahadhi hayo ataweka ngoma za kompyuta zinazofanana na za kila mtu, na utamu wa wimbo utapotea.

Ufunguo wa wimbo ndio unaowaumiza wengi. Imba kiitikio mara 10 mfululizo, kwa nguvu ile ile. Ya kumi ikikukaba koo, shusha nusu hatua, ujaribu tena. Prodyuza atapenda kuupandisha kwa sababu sauti ya juu husikika ikiwaka ndani ya studio, lakini wewe ndiye utakayeuimba viwanja vya Furahisha saa kumi jioni, vumbi kooni, baada ya nyimbo nyingine sita. Hapo shikilia msimamo.

Siku ya kurekodi

Chagua asubuhi ukiwa umelala vizuri, na maji ya uvuguvugu. Masika uliza kama studio ina dari, maana mvua juu ya bati huingia kwenye maikrofoni na haitoki tena. Simama umbali wa shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni, sentimita 15 hadi 20, kichujio cha pumzi kikiwa katikati. Geuza mdomo kidogo pembeni kwenye P na B. Imba wimbo wote mara tatu, kisha rudia beti zenye kasoro tu. Waitikiaji warekodi kila sauti mara mbili, ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi. Mara moja peke yake husikika nyembamba.

Kabla ya kulipa nusu ya mwisho, dai haya kwenye flashi yako: wimbo kamili katika WAV ya 24-bit (faili lisilopunguzwa ubora), biti tupu, na pleibeki, yaani muziki na waitikiaji bila sauti yako. Makanisa mengi hayana bendi, na bila pleibeki utasimama madhabahuni huna cha kuimbia. Faili la MP3 la WhatsApp halitoshi.

Karatasi

Siku hiyo hiyo, kabla ya kuimba neno lolote, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: jina la wimbo, tarehe, majina kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA, nani alitunga maneno, nani alitunga muziki, asilimia za kila mmoja zinazofika 100, na nani anamiliki rekodi. Mashahidi wawili, mmoja wao katibu wa kanisa kama inawezekana. Kisha sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ujisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii. Hakimiliki huanza pale tu unapotunga, lakini cheti ndicho kinachokuokoa mtu akipakia wimbo wako kwenye chaneli yake. Usiimbie biti iliyopakuliwa bure mtandaoni: mwenye biti anaweza kudai mapato yote.

Akija mtu na mkataba wa kukusimamia, usisaini siku hiyo. Nenda nao nyumbani wiki moja. Angalia miaka mingapi, asilimia ngapi, na nyimbo zinabaki kwa nani mkataba ukiisha. Huna wakili? Ulizia wasaidizi wa kisheria wilayani kwako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua. Umaskini humfanya mtu asaini haraka, na wapo wanaolijua hilo vizuri.

Kuutoa

Msambazaji wa mtandaoni, anayepeleka wimbo kwenye majukwaa ya muziki, ataomba WAV na picha ya jalada ya pikseli 3000 kwa 3000. Usiandike namba ya simu kwenye jalada, litakataliwa. Pakia wiki tatu au nne kabla ya siku ya kutoka, na jina lako liandikwe vilevile kila mahali.

YouTube huanza kukulipa matangazo ukifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Salio likifika dola 10, hutumwa kwa posta barua yenye PIN, namba ya kuthibitisha anwani yako. Kama huna sanduku, omba kutumia S.L.P. ya kanisa, lakini jina libaki lako na lilingane na la akaunti ya benki. Malipo hutoka salio likifika dola 100.

Mialiko ndiyo italipa mapema kuliko mtandao. Beba barua ya utambulisho ya mchungaji wako, na kubaliana kwa ujumbe wa maandishi: nauli, malazi, vyombo vya muziki, na kiasi cha kukushukuru. Ukialikwa Nansio, kisiwani Ukerewe, hesabu nauli ya meli ya kwenda na kurudi, na usiku mmoja wa kulala, kwani ibada ikirefuka meli haisubiri.