Kuanza na BIM: Kubalianeni Sifuri ya Jengo Kabla ya Ukuta wa Kwanza

Mwongozo huu ni wa ofisi ndogo za hapa Dar zinazotaka kutoka kwenye michoro ya AutoCAD kwenda BIM (Building Information Modeling), yaani modeli ya jengo ya kompyuta ambayo kila kipande chake kinabeba taarifa zake. Nimeuandika baada ya kuisaidia timu ya jengo moja la ghorofa Upanga. Msanifu, mhandisi wa miundo na mhandisi wa maji na umeme kila mmoja alikuwa na modeli safi, lakini zilipofunguliwa pamoja kila moja ilikaa upande wake.

Kwenye BIM huchori mistari. Unaweka nguzo, nayo inabeba vipimo vyake, daraja la zege na ghorofa iliyopo. Ukipandisha ghorofa sentimita 30, mikato na jedwali la zege vinabadilika papo hapo. Bomba la majitaka linalopita katikati ya boriti linaonekana kwenye kompyuta, kabla fundi hajashika drili.

Hatua ya 1: Programu. Revit au ArchiCAD, zote zinafaa. Wanaotumia Revit wawe na toleo moja: faili likishahifadhiwa kwenye 2025 halifunguki tena kwenye 2024. Kupeana kazi kati ya ofisi, tumieni IFC (aina ya faili ya BIM inayosomwa na programu tofauti), siyo DWG (faili la michoro la AutoCAD). DWG inarudisha mistari mitupu, na taarifa zote mlizoziingiza zinapotea.

Hatua ya 2: Gridi (mistari ya kupangia nguzo, yenye herufi upande mmoja na namba upande mwingine) na viwango vya ghorofa. Msanifu aviweke, wengine wavinakili.

Hatua ya 3: Sifuri ya pamoja, yaani nukta moja ambayo modeli zote zinaanza kupimia. Hapa ndipo kazi nyingi zinapokwama, kwa hiyo msiifanye haraka.

Mpimaji ardhi atawapa koordineti za bikoni za kiwanja (alama za mipaka) kwa UTM, mfumo wa koordineti za ramani, kanda ya 37 Kusini. Kwa Dar, namba ya kaskazini inaanzia milioni 9.2, kwa mita. Kishawishi ni kulichora jengo palepale kwenye namba hizo. Usifanye hivyo. Revit inahitaji jengo liwe ndani ya kilomita 16 hivi kutoka sifuri yake ya ndani. Ukivuka hapo mistari inacheza na vipimo haviaminiki.

Chagueni makutano ya gridi A na 1, muyaweke kwenye sifuri ya ndani ya kila modeli. Koordineti za mpimaji ziandikwe juu ya makutano hayo kupitia (kwenye Revit) menyu ya Manage, sehemu ya Coordinates. Afanye msanifu peke yake. Wengine waunganishe modeli yake na kuzichukua kutoka kwake, wasiziandike upya kwa mkono.

Muulizeni mpimaji kama ametumia Arc 1960 au WGS 84, misingi miwili tofauti ya kupimia koordineti. Bikoni nyingi za zamani ni Arc 1960, GPS ya simu ni WGS 84, na hapa Dar tofauti yake ni takriban mita 300. Mkiichanganya, jengo litahamia mtaa wa pili. Angalieni pia vizio: mpimaji anatoa mita, msanifu anachora kwa milimita. Na kaskazini halisi iwekwe kwa kuzungusha koordineti, jengo lenyewe libaki limenyooka kwenye skrini.

Kisha jaribuni. Kila mmoja aweke mchemraba mdogo kwenye A-1, atoe IFC, na zote zifunguliwe pamoja. Mimi hutumia Bonsai, nyongeza ya kufungulia IFC ndani ya programu ya Blender, ni bure. Michemraba ikilaliana, endeleeni. Isipolaliana, asichore mtu hata ukuta mmoja.

Hatua ya 4: Jengeni modeli. Kila fani kwenye faili lake.

Hatua ya 5: Migongano, yaani vipande vya fani tofauti vinavyoingiliana. Kila wiki, anzeni na mabomba dhidi ya boriti. Programu italeta mamia ya migongano. Waya mdogo unaogusa ukuta uacheni, fundi ataumaliza saiti.

Hatua ya 6: Vipimo vya mkadiriaji majenzi. Faida kubwa ya pesa iko hapa, ila modeli inahesabu kilichochorwa tu. Mbao za kusetia zege hazimo kama hamkuziweka. Nguzo ya msanifu na nguzo ya mhandisi zikibaki zote mbili, zege litahesabiwa mara mbili. Kabla ya kumpa mkadiriaji jedwali, zimeni nguzo, boriti na slabu zote za msanifu, zibaki za mhandisi.