Namna ya Kuipima Gharama Unapoamua Kuhusu Matibabu

Gharama ni sehemu halali ya uamuzi wa matibabu, kwa kuwa dawa ambayo mgonjwa hataweza kuinunua mwezi wa pili haitamtibu, hata kama ni bora kuliko nyingine zote. Ni katika dharura tu ambapo hesabu hiyo haina nafasi, kama vile maumivu makali ya kifua, kupooza ghafla upande mmoja wa mwili, kushindwa kupumua au kutokwa na damu nyingi. Hapo nenda hospitali kwanza.

Nje ya dharura, usijipunguzie matibabu kimyakimya. Utafiti mkubwa wa taasisi ya RAND nchini Marekani, ulioanza mwaka 1974 na kumalizika 1982, ulionyesha kwamba watu waliotakiwa kuchangia malipo walitumia huduma chache zaidi, lakini waliacha zenye manufaa takriban kwa kiwango kilekile walichoacha zisizo na manufaa. Kwa hiyo mweleze daktari hali yako ya fedha kabla hajaandika dawa. Wengi huona aibu kulisema jambo hili, ilhali daktari asiyelijua hana namna ya kulizingatia.

Kisha umuulize kama majibu ya kipimo anachokiagiza yatabadilisha matibabu. Ikiwa utapewa dawa ileile kwa vyovyote vile, huenda kipimo kikasubiri. Maumivu ya kiuno yaliyoanza karibuni, yasiyoambatana na homa, udhaifu wa miguu wala kushindwa kuzuia mkojo, kwa kawaida hayahitaji kipimo cha picha, kama eksirei, katika wiki 6 za mwanzo. Mafua nayo huletwa na virusi, na antibayotiki haiviui.

Kuhusu dawa, muulize mfamasia kama ipo yenye kiambato kilekile isiyouzwa kwa jina la kampuni maarufu, maana mara nyingi tofauti kubwa iko kwenye bei. Usiruke dozi ili dawa idumu: shinikizo la damu hupanda bila mgonjwa kuhisi chochote, na kiharusi kikitokea gharama yake huzidi ya vidonge kwa mbali.

Unapoulizia bei, jumlisha vipimo, nauli, siku za kazi utakazokosa na ziara za kurudi kwa daktari. Mwenye bima aulize ni kiasi gani atalipa mwenyewe na kama kibali kinatakiwa mapema. Ukiona bado huwezi, omba malipo ya awamu au msaada wa ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya matibabu kuanza.