Los Angeles na San Francisco: jinsi ya kuzuru miji miwili hasimu ya California bila kuikosea

Kosa linalowaharibia wageni wengi safari ya California ni kuingia mji wa pili na akili ya mji wa kwanza. Aliyetoka San Francisco anafika Los Angeles bila gari, anapanga kutembelea sehemu tano kwa siku, na jioni inamkuta barabarani. Aliyetoka Los Angeles naye anaingia San Francisco na gari la kukodi, kisha anazunguka vilimani saa nzima akitafuta pa kuliegesha.

Chanzo ni ukubwa. San Francisco ina kilomita za mraba 121 hivi, imebanwa na maji pande tatu, na sensa ya 2020 ilihesabu humo watu 873,965. Los Angeles ina kilomita za mraba zipatazo 1,200 na watu 3,898,747. Ukishika tofauti hiyo, mavazi, usafiri, chakula na hata maneno ya wenyeji vinaanza kueleweka.

Uhasama wenyewe, na pa kunyamaza

San Francisco ndiyo iliyotangulia kuwa kubwa, baada ya dhahabu kugunduliwa California mwaka 1848. Kufikia sensa ya 1920, Los Angeles ilikuwa imeipita kwa watu. Ndiyo maana uhasama hauna uzani sawa: watu wa kaskazini, yaani San Francisco, huusema zaidi, na watu wa kusini, yaani Los Angeles, mara nyingi hujibu kwamba wanaipenda San Francisco. Jibu hilo humuudhi mwenyeji wa kaskazini kuliko tusi. Basi ukiwa San Francisco, usiusifu mji wao kwa kuulinganisha na Los Angeles. Usifu peke yake.

Habari ya maji ni nyeti. Watu wa kaskazini hulalamika kwamba kusini kunanyonya maji ya jimbo, na ni kweli kwamba mfereji wa Los Angeles uliokamilika mwaka 1913 uliyavuta maji ya bonde la Owens na kuwaumiza wakulima wa huko. Lakini San Francisco nayo inakunywa maji ya Hetch Hetchy, bonde lililozamishwa kwa bwawa ndani ya hifadhi ya Yosemite. Sikiliza pande zote mbili, usiwe hakimu.

Dodger Stadium, uwanja wa besiboli wa Los Angeles, pia usiufanyie mzaha. Ulijengwa Chavez Ravine, mahali ambapo familia nyingi zenye asili ya Meksiko ziliondolewa katika miaka ya 1950, na jeraha hilo bado linauma.

Kwenda kutazama besiboli

Hapa ndipo uhasama unapowaka kwelikweli. Dodgers ya Los Angeles na Giants ya San Francisco zote mbili zilitoka New York na kuhamia California mwaka 1958, kwa hiyo chuki yao ni ya zamani kuliko makazi yao ya sasa. Mwaka 1962 watunza uwanja wa San Francisco waliloweka njia ya kukimbilia kwa maji ili kumpunguza kasi Maury Wills wa Dodgers. Mwaka 1965 Juan Marichal wa Giants alimpiga gongo kichwani mdakaji wa Dodgers, John Roseboro. Na mwaka 2021 Giants walimaliza msimu na ushindi mara 107, Dodgers mara 106, kisha Dodgers wakawatoa katika mchujo kwa michezo 3 kwa 2.

Rangi ya Dodgers ni buluu, ya Giants ni nyeusi na chungwa. Kama huna timu, vaa kijivu au nyeupe. Kuvaa jezi ya wageni si marufuku na watu wengi hufanya hivyo salama, ila usibishane na mlevi, na mchezo ukiisha usizubae kwenye maegesho. Mwaka 2011 shabiki wa Giants alipigwa nje ya Dodger Stadium hadi akapata madhara ya kudumu ya ubongo. Kwenda Dodger Stadium, panda basi la uwanja kutoka Union Station, kituo kikuu cha treni, ambalo ni bure kwa mwenye tikiti. Oracle Park, uwanja wa Giants, iko hatua chache kutoka kituo cha treni cha Caltrain, basi acha gari. Ila beba koti zito: upepo wa ghuba usiku hauna huruma, hata Julai.

Mavazi na mwezi wa kwenda

Julai San Francisco mchana huwa nyuzi 19 au 20 hivi za Selsiasi, usiku 12, na ukungu unaingia kutoka baharini alasiri. Siku hiyohiyo bonde la San Fernando, ndani ya Los Angeles, linaweza kuzidi 35. Sababu ni kwamba joto la mabonde ya ndani huvuta hewa baridi ya bahari kupitia mwanya wa Golden Gate. Wageni waliovaa kaptula ndio wanaonunua masweta ya bei mbaya karibu na gati. Vaa nguo juu ya nguo: fulana, sweta, koti la upepo. Mwezi mzuri kwa miji yote miwili ni Septemba au Oktoba, kwa sababu ukungu wa kaskazini umepungua. Mei na Juni zinadanganya, kwani pwani ya Los Angeles nayo hufunikwa na mawingu asubuhi nzima.

Kutembea ndani ya mji

San Francisco tumia miguu, mabasi na treni za Muni (shirika la usafiri la mji), na treni ya BART kutoka uwanja wa ndege, dakika 30 hivi hadi katikati ya mji. Kadi ya Clipper inalipia vyote. Usikodi gari mpaka siku ya kuondoka.

Ukilazimika kuwa nalo, jifunze tairi. Kwenye mteremko unaozidi asilimia 3, sheria ya mji inataka tairi za mbele zigeuzwe upande. Gari likitazama chini, zigeuze kuelekea ukingo wa barabara. Likitazama juu, zigeuze mbali na ukingo, kisha liache gari lirudi taratibu hadi tairi iuegemee. Vuta breki ya mkono. Wageni hukumbuka breki na kusahau tairi, na faini inawakuta. Pia usiache kitu chochote kinachoonekana ndani, hata mfuko mtupu, kwa sababu wavunja vioo hawajui kwamba ni mtupu.

Los Angeles umbali huhesabiwa kwa dakika, si kwa kilomita. Kutoka katikati ya mji hadi Santa Monica ni kilomita 25 hivi: dakika 25 barabara ikiwa wazi, zaidi ya saa nzima ikiwa ni jioni. Epuka saa 1 hadi saa 4 asubuhi, na saa 9 alasiri hadi saa 1 usiku. Panga kwa maeneo, yasizidi mawili kwa siku: Hollywood na Griffith Park siku moja, Santa Monica na Venice siku nyingine. Kuna metro, na njia ya E inafika Santa Monica kwa dakika 50 hivi bila kujali foleni. Nunua kadi ya TAP ya kulipia nauli.

Mabango ya maegesho ya Los Angeles hupangwa manne au matano kwenye nguzo moja. Yasome yote, kwani moja tu likikataza, umekatazwa. Tangu 2025 sheria ya jimbo lote inazuia kuegesha ndani ya mita 6 kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu, hata kama ukingo haujapakwa rangi.

Maneno yanayokufichua

Kusini barabara kuu hutajwa kwa neno "the" mbele ya namba: "the 405", "the 10". Kaskazini husema namba tupu: "280", "101". Desturi ya kusini ilibaki tangu barabara zilipoitwa kwa majina kabla ya namba. Neno "hella", lenye maana ya "sana", ni la kaskazini. Na usiseme "Frisco" kama mgeni. Wapo wazawa wanaolitumia kwa fahari, lakini wengine wengi hawalitaki. "San Francisco" au "SF" inatosha.

Chakula

San Francisco kula burito ya mtaa wa Mission: mkate laini wa ngano uliojazwa wali, maharage na nyama, mzito wa kutosha watu wawili. Los Angeles usidai wali ndani ya burito. Huko sifa iko kwenye taco (vikate vyembamba vya kukunja vyenye nyama) zinazouzwa kwenye magari ya barabarani. Al pastor hukatwa kwenye mshikaki wa wima kama shawarma, ila ni nguruwe, na carnitas nayo ni nguruwe. Asiyekula nguruwe aagize pollo (kuku) au asada (ng'ombe), na aulize kama maharage yana manteca, yaani mafuta ya nguruwe.

Kutoka mji mmoja hadi mwingine

Barabara ya I-5 ni kilomita 615 hivi, saa 6 bila foleni. Ondoka kabla ya saa 12 asubuhi, jaza mafuta Kettleman City, karibu nusu ya njia. Desemba hadi Februari bonde la kati hupata ukungu mzito wa ardhini, na barabara inapopita mlimani Tejon inaweza kufungwa kwa theluji. Barabara ya 101 huchukua saa 7 au 8. Ile ya pwani, namba 1, ipe siku mbili, na angalia QuickMap, ramani ya mtandaoni ya Caltrans, idara ya barabara ya jimbo, asubuhi ya safari, kwa kuwa maporomoko ya ardhi huko Big Sur huifunga mara kwa mara, wakati mwingine kwa miezi. Treni ya Coast Starlight huchukua saa 12 hivi na haiingii San Francisco. Unashuka ng'ambo ya ghuba na kuvuka daraja kwa basi linalounganisha, kwa hiyo hakikisha tikiti yako imeandikwa hadi San Francisco.