Somo: Kupanga bei na kutangaza vitu vya ndani unapohama Kigoma

Wanakikundi, barua ya uhamisho ikitoka, watu wengi hapa mjini wanajikuta wanauza vitu kwa presha. Wiki ya kwanza bei iko juu, wiki ya mwisho kabati linaondoka kwa bei ya kutupa. Ukijipanga mapema, fedha hiyo inakusaidia kuanza maisha unakokwenda.

Hatua ya kwanza: tenga. Weka kando vya kwenda navyo, vya kugawa na vya kuuza. Ulizia nauli ya mzigo kabla hujaamua. Kama kulisafirisha sofa kunakaribia bei ya kununua jingine, liuze.

Hatua ya pili: bei. Hapa ndipo penye kazi. Sahau ulinunua kwa shilingi ngapi. Zunguka maduka ya Mwanga, uliza kitu kama chako kikiwa kipya kinauzwaje leo. Mimi napanga hivi: kisichofika miaka miwili na hakina kasoro, theluthi mbili ya bei ya dukani, kilichotumika zaidi lakini kizima, nusu, kilichochoka, theluthi moja au chini yake. Tuseme friji mpya ni 600,000 na yako ina miaka mitatu. Nusu ni 300,000. Tangaza 350,000, maana mteja lazima aombe apunguziwe, na ukigoma kabisa anaona umemdharau. Ile 300,000 iandike kwenye daftari lako, usimtajie mtu.

Kitanda cha mninga hakifuati hesabu hiyo. Mbao yake inadumu, kwa hiyo hakikisha chaga zote zipo, kaza viungo visicheze, piga msasa na vanishi, kisha simama kwenye bei yako. Kabati la MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ni kinyume chake: likishaloa chini linafura, na mteja ataanza kuinama kuangalia hapohapo. Shusha bei mapema. Sahani, vikombe na ndoo usiviuze kimoja kimoja, panga mafungu.

Hatua ya tatu: picha. Futa vumbi, toa kitu nje asubuhi, piga picha ya mbele, ya nyuma na ya kasoro. Runinga iwe imewashwa. Mchubuko ukionekana kwenye picha, mteja hawezi kuutumia kukukata bei mlangoni.

Hatua ya nne: tangazo. Liwe fupi na liseme yote:

"NAHAMA, NAUZA. Kitanda cha mninga futi 5 kwa 6, chaga zote zipo, mguu mmoja una mchubuko. 250,000, maongezi yapo kidogo. Kipo Gungu. Usafiri juu ya mnunuzi. Kuona ni saa 10 hadi 12 jioni."

Nawasihi, andikeni bei. "Njoo tuzungumze" inachosha watu, na mwenye fedha mkononi anakwenda kwa aliyeandika. Ila siku ya kusafiri msiiandike. Mteja akijua unaondoka Jumamosi, atakuja Ijumaa usiku na bei yake mwenyewe.

Tangaza mishahara ikishatoka. Weka kwenye stetasi na magrupu ya WhatsApp, waambie majirani, na usiwasahau watu wa maboti ya Kibirizi. Mteja wa Mwamgongo au Kagunga anapiga hesabu na nauli ya mzigo majini, kwa hiyo mpe vipimo kamili kwenye simu asije bure.

Akilipa kwa simu, angalia salio kwenye menyu yako ndipo kitu kitoke. Meseji peke yake inaweza kughushiwa.

Maswali ya wanakikundi

Dada wa Katubuka: Shemeji anataka kabati kwa mkopo, atalipa mwisho wa mwezi. Nimjibuje?
Jibu: Dada, wewe utakuwa umeshaondoka. Kama moyo unaridhia, mpe bure kabisa. Kama fedha unaihitaji, mwambie kwa upole kwamba anayelipa kwanza ndiye anayechukua.

Mwalimu wa Ujiji: Mnunuzi wa runinga anadai risiti, nami nilishaipoteza.
Jibu: Mwalimu, ana haki, anaogopa kununua mali ya wizi. Andikeni hati ya mauziano: majina yenu, namba ya runinga iliyoko nyuma, bei, tarehe, sahihi na shahidi. Mwenyekiti wa mtaa akiigonga muhuri, wote mnalala salama.

Kaka wa Mwanga: Dalali anasema ana mteja. Nimkubalie?
Jibu: Mkubalie, ila mkubaliane malipo yake kabla hajamleta mtu. Mwambie wewe unataka ngapi mkononi, na uwepo mwenyewe fedha inapotolewa.

Mama wa Gungu: Mtungi wangu wa kilo 15 una gesi bado. Nauuzaje?
Jibu: Mama, uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma juu, karibu na vali. Upime kwenye mizani ya muuza mahindi, toa uzito huo, kinachobaki ndiyo gesi. Dai bei ya mtungi, ongeza bei ya gesi kwa kilo zilizobaki. Mpira na regureta vipake povu la sabuni mbele ya mnunuzi; povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja, usiviuze.