Somo: Kufunga draivu (kifaa cha kubadili kasi ya mota) kwenye pampu ya maji ya kupasha jengo joto

Pampu inayozungusha maji ya moto kwenye rejeta za ukutani (vyuma vinavyopasha chumba joto) huchaguliwa kwa kipimo cha siku ya baridi kali kuliko zote. Siku hizo, hata Ujerumani, ni chache. Msimu uliobaki pampu inakimbia bure. Umeme inaoula hufuata kasi kwa kipeo cha tatu. Ishushe kwa draivu kutoka Hz 50 hadi 40, na iliyokuwa ikila kW 4 itakula kama 2. Kwa saa 3,000 umeokoa zaidi ya uniti 5,000.

1. Kagua koki za rejeta. Zikiwa za njia 3, maji yasiyohitajika hupita pembeni na kurudi, mzunguko haupungui, draivu inakosa kazi. Weka za njia 2.

2. Fungua kabisa koki iliyokabwa kwenye mdomo wa pampu. Hii husahaulika sana!

3. Mota iwe ya fezi 3. Kibao cha mota kikisema 230/400 V na draivu inatoa 230 V, unga delta (koili za mota zikiunganishwa pembetatu). Usiweke kapasita kati ya draivu na mota.

4. Kihisi cha tofauti ya presha, kinachoiongoza draivu, kifunge kwenye mkondo wa mwisho, yaani tawi la bomba lililo mbali zaidi. Kikikaa pampuni, itabidi uiwekee draivu presha ya kutosha kushinda msuguano wa bomba zote, na draivu itaishikilia hata maji yanapopita kidogo. Kisha fungua koki zote za rejeta, shusha presha kidogo kidogo mpaka rejeta ya mbali ianze kupoa, rudisha hatua moja.

5. Kasi ya chini: Hz 20 hadi 25, feni ya mota isije ikashindwa kuipooza.

Maswali

*Mkuu, mota yangu ni ya fezi moja, ina kapasita.*
Draivu ya kawaida itaiunguza. Badilisha mota.

*Huku Dar napandisha maji simtanki, ghorofa ya 4. Nitaokoa hivyo hivyo?*
Hapana. Kwenye mfumo wa kupasha joto maji yanazunguka, yanayoshuka yanayasaidia yanayopanda, kwa hiyo pampu inapambana na msuguano tu. Kwako kimo hakipungui. Ukishusha kasi mno maji hayafiki juu, na pampu inachemsha yaliyomo ndani yake.

*Nimefunga, rejeta za mwisho baridi.*
Usikimbilie kuongeza kasi. Bana kwanza koki za kusawazisha za mikondo ya karibu; ndizo zinazokunywa maji ya wenzao.