Kompyuta ya prosesa mbili: nani anaihitaji, na uikague vipi dukani

Skuizi ukipita maduka ya kompyuta zilizotumika hapa mjini Unguja, kuanzia Darajani mpaka Mlandege, hukosi kuona dubwana moja limewekwa chini, zito kweli kweli, limeandikwa HP Z620 au Dell Precision, na muuzaji anakwambia hii ina Xeon mbili (prosesa za Intel za mashine kubwa), kori 16 (vichwa vya kufanya kazi ndani ya prosesa), ram 32, na bei yake haipishani sana na ile desktopu ndogo ya Core i5 iliyokaa juu ya meza. Sasa mtu anajiuliza kwani nichukue moja wakati pesa hiyo hiyo napata mbili? Hebu tulizungumze kabla hujatoa pesa.

Kwanza hakikisha unachouziwa ni prosesa mbili kweli. Tokea 2005 na 2006 zilipotoka Pentium D na Core 2 Duo, prosesa moja inabeba kori mbili na zaidi, kwaiyo muuzaji akikwambia "hii mbili ndani" inawezekana anakusudia kori tu. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, nenda Performance, alafu CPU. Pale chini kuna mstari umeandikwa Sockets. Ikiwa 1 ni prosesa moja, ikiwa 2 ni mbili, hapo hakuna ubishi. Ila angalia na Windows yenyewe, kwa sababu Windows Home inatambua prosesa moja tu, ya pili inakaa bure, Pro ndo inazitumia zote mbili.

Sasa suala lenyewe: kazi gani inayokukalisha ukisubiri?

Nauliza ivo kwa sababu kazi nyingi za kila siku haziwezi kugawika. Kufungua Word, kubofya linki kwenye brauza, kusubiri Excel yenye fomula nyingi imalize, sehemu kubwa ya kazi hizo inafanywa na kori moja au mbili, zilobaki zinatazama tu. Wapishi wawili hawaufanyi mchele wa sufuria moja uive haraka. Na hili unaweza kuliona kwa macho yako. Kwenye mashine ya Xeon mbili aina ya E5-2670, kila moja ina kori 8 na kila kori inaonekana kama mbili, kwaiyo Windows inahesabu 32. Fungua lifaili lako zito la Excel huku Task Manager iko wazi, utashangaa CPU inaonesha asilimia 3 au 4 na wewe umekaa unasubiri. Bofya kulia kwenye ile grafu, chagua Change graph to, alafu Logical processors, vitatokea visanduku 32, na pale ndo utaona kimoja kimepanda mpaka juu na vyengine vimelala. Asilimia 3 maana yake ndo hiyo, moja katika 32.

Kwaiyo kwa kazi kama hizo unataka kori moja iwe na mbio, sio kori ziwe nyingi. E5-2670 ni ya mwaka 2012, mbio zake mwisho 3.3 GHz. Core i5-8500 ya 2018 inafika 4.1, na mbali na GHz kori yenyewe ni ya kisasa zaidi, inafanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo. Mtu wa steshenari anaechapa barua, anaescan vitambulisho na kujaza fomu za watu mtandaoni, mwalimu, mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA, mwenye duka na hesabu zake, wote hawa nnavyoona mimi wachukue i5 wasahau habari ya dubwana. Pesa inayobaki watie SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) kama hamna, na ram ifike 16. Mashine yenye prosesa mbili na hard diski ya kuzunguka itakutesa kuliko ndogo yenye SSD, wallahi.

Wanaofaidika na prosesa mbili wapo. Mchora majengo anaerenda (anaetoa picha kamili kutoka kwenye mchoro) nyumba kwa kutumia prosesa, anaefanya 3D kwa Blender, anaewasha kompyuta pepe (virtual machine) nne tano ndani ya mashine moja kujifunzia mambo ya mitandao, hao kazi zao zinagawika vizuri na kori zote zinachemka. Kwao dubwana la bei ya mtumba ni rizki.

Wa video za harusi ndo wanaonipa kazi kuwashauri, maana kila mtu anawaambia kachukue Xeon. Inategemea. Xeon hizo za E5 hazina grafiki ndani, lazima uweke kadi, na zinakosa kile kifaa cha kubana video (encoding) kinachokuja ndani ya Core i5 nyingi, Intel wanakiita Quick Sync. Ukitoa video ya harusi kwa H.264 (njia ya kawaida ya kubana video) na programu yako inakitumia, kale kadesktopu kadogo kanaweza kumaliza kabla ya dubwana. Ukiweka efekti nyingi za kulemea prosesa, hapo dubwana linaweza kushinda. Nenda na flashi yako yenye kipande cha dakika moja cha kazi yako halisi, muombe muuzaji akijaribu kwenye mashine zote mbili. Akikataa, duka la pili liko pale.

Umeme nao usiusahau. E5-2670 mbili ni watt 230 kwa jumla zikifanya kazi kwa nguvu, i5-8500 ni 65. Tofauti ni 165, yaani masaa sita ya kurenda ni kama uniti moja nzima, mbali kadi ya grafiki. Na umeme ukikatika, ile UPS ndogo ya 650 VA haitoi watt 650, nyingi hazizidi 400, kwaiyo dubwana likiwa kwenye kazi nzito linaweza kuiangusha hapo hapo.

Kama umeshaamua unalitaka, fungua mfuniko. Kila prosesa ina nafasi zake za ram, kwaiyo ram igawanywe pande zote mbili, ukiiona yote imejazwa upande mmoja mwambie aipange upya. Kwenye Z620 prosesa ya pili imekaa kwenye bodi yake ya kuchomeka pamoja na ram zake, kwaiyo bodi hiyo ikiwa haipo umeuziwa mashine ya prosesa moja kwa bei ya mbili. Ram zake nyingi ni za seva, haziingii kwenye desktopu ya kawaida, na pawa saplai ni ya kampuni yenyewe, ikifa hupati kila duka. Tizama na mapezi ya kupozea na tundu za nyuma kama zimeshika kutu, hewa yetu ya chumvi haina huruma.

Jengine, Windows 10 imekwisha kupewa msaada tokea 14 Oktoba 2025, na E5 hizo hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. i5-8500 imo. Wa Linux hili haliwahusu.

Na wale wa Pemba mnaonunulia Unguja, ijaribuni hapa hapa mpaka mridhike maana kuirejesha ni nauli nyengine. Kabla ya kupanda boti toa ile kadi ya grafiki uifunge mbali, mashine uilaze ubavu, mazabodi (ile bodi kubwa ya ndani) ielekee chini, kwa sababu kadi nzito ikining'inia njia nzima mpaka Mkoani inaweza kuvunja tundu lake.