Kukadiria idadi ya sokwe kwa kuhesabu viota vyao

Katika misitu ya magharibi mwa Tanzania, kuanzia Gombe na Mahale hadi kwenye miombo ya Ugalla, mtu anaweza kutembea siku nzima asimwone sokwe hata mmoja, ingawa wao huenda wamemsikia tangu asubuhi. Hata hivyo, kila sokwe aliyeacha kunyonya hujitengenezea kiota kipya mtini kila jioni, na kiota hicho hubaki pale kwa wiki au miezi baada ya mwenyewe kuondoka. Hicho ndicho tunachokihesabu.

Panga mistari ya kutembea kwenye ramani kabla hujaingia msituni. Mistari iwe minyoofu, nayo ikate mabonde na vilima badala ya kuvifuata, kwa kuwa sokwe hupenda kulala kwenye miteremko na kandokando ya vijito. Ukifuata njia za watu au za wanyama, hesabu yako itaeleza habari za njia, si za msitu. Tembeeni polepole, mmoja ashike dira na wengine watazame juu, na kila baada ya hatua chache geukeni nyuma, maana kiota kilichofichwa na majani kwa mbele mara nyingi huonekana wazi mkishakipita.

Kiota cha sokwe hutambulika kwa matawi yake, ambayo yamekunjwa na kufumwa kama kitanda huku yakiwa bado yameshikamana na mti uleule, ilhali cha tai ni rundo la vijiti vikavu vilivyookotwa kwingine. Cha jana kina majani mabichi, na chini yake huenda ukakuta kinyesi au harufu ya mkojo. Kikizeeka majani hugeuka kahawia na kupukutika, hadi zibaki fito chache ambazo mbingu inaonekana katikati yake. Kubalianeni mapema ni katika hali gani kiota kitahesabiwa kuwa kimekwisha.

Kwa kila kiota, pima kwa utepe umbali kutoka kwenye mstari hadi chini ya kiota, kwa pembe mraba. Usikisie kwa macho. Vilivyo juu ya mstari wenyewe visikose hata kimoja. Vya mbali vingine vitakosekana, na hilo si kosa, kwani programu ya kompyuta iitwayo Distance hutumia vipimo hivyo kukokotoa upana ulioonekana kweli. Ni vyema kupata viota 60 hadi 80 au zaidi.

Tuseme mmetembea kilomita 30, mkaona viota 90, na upana huo ni mita 25 kila upande. Eneo ni kilomita za mraba 1.5, yaani viota 60 kwa kila kilomita ya mraba. Gawanya kwa siku ambazo kiota hudumu, tuseme 100, kisha kwa viota anavyotengeneza sokwe mmoja kwa siku. Katika msitu wa Budongo, Uganda, watafiti walipata 1.09, kwa sababu sokwe hutengeneza pia viota vya kupumzikia mchana. Jibu ni sokwe 0.55 hivi kwa kilomita ya mraba, bila watoto wanaolala na mama zao.

Sasa badilisha siku 100 ziwe 200, na nusu ya sokwe watatoweka kwenye karatasi. Kwa maoni yangu hapa ndipo makadirio mengi yanapoharibika, kwa kuwa muda wa kudumu hutegemea mvua, majira na aina ya mti, nao haufai kuazimwa kutoka msitu mwingine. Wekea alama viota vibichi, uvirudie kila baada ya wiki mbili hadi vitoweke. Muda ukiruhusu, iko njia iliyo bora zaidi: wekea alama viota vyote vilivyopo, pita mistari ileile tena na tena, na uhesabu vile vipya tu. Hapo utagawanya kwa siku zilizopita kati ya ziara ya kwanza na ya mwisho badala ya umri wa kiota, ilimradi ziara zisiachane kiasi cha kiota kuzaliwa na kufa bila wewe kukiona.